Mrututu kwenye baridi kali: dimensheni mbili zimekwenda wapi?

Msomaji anayefundisha kemia sekondari ameuliza: "Nimesoma kwamba mrututu tunaoutumia maabara, ukipoozwa hadi karibu na sifuri halisi (kelvini 0, yaani karibu −273 °C), unakuwa sumaku ya dimensheni moja. Fuwele ninayoishika mkononi ina urefu, upana na kimo. Hizo dimensheni mbili zimekwenda wapi? Kwa nini karibu kila mfano ninaokutana nao ni wa shaba na si wa chuma? Na wanafunzi wangu wanataka kujua kuna faida gani."

Mwalimu, fuwele yako inabaki na urefu, upana na kimo hata ukiipooza kiasi gani. Atomu zake hazihami kwenda kujipanga kwenye mstari. Cha kutazama ni nani anamwathiri nani kisumaku. Ndani ya mrututu, yaani CuSO₄·5H₂O, kila ioni ya shaba ni sumaku ndogo. Baadhi ya ioni hizo zinawahisi sana majirani wawili walio kwenye mstari wao, mmoja mbele na mmoja nyuma, ilhali walio ubavuni, juu na chini zinawahisi kwa udhaifu mkubwa. Ukichora ramani ya nguvu hizo badala ya ramani ya atomu, utapata minyororo mirefu iliyolazwa sambamba, kila mmoja ukiishi maisha yake. Hiyo ndiyo dimensheni moja inayosemwa. Ni dimensheni ya mwingiliano, na rula haiwezi kuipima.

Swali lako la shaba na chuma ndilo ufunguo, kwa hiyo nianze nalo.

Ioni ya Cu²⁺ ina elektroni 27. Kwenye obitali za 3d kuna nafasi kumi, na ioni hii imejaza tisa. Elektroni nane zimekaa mbili mbili na kufutana kisumaku. Moja imebaki bila mwenzake. Elektroni hiyo pekee inaipa ioni nzima spini, yaani usumaku wa asili wa elektroni, ya 1/2, na hakuna spini ndogo kuliko hiyo. Ioni ya Fe³⁺ ina elektroni tano zisizo na wenza, na spini yake ni 5/2. Unaweza kudhani kwamba sumaku kubwa ndiyo yenye mambo mengi ya kuonyesha. Kwa jambo tunalozungumza hapa, ni kinyume chake kabisa.

Chukua ioni mbili tu zinazopenda kuelekea pande zilizo kinyume. Kama spini zingekuwa mishale ya kawaida, mmoja ukitazama juu na mwingine chini, nishati ya jozi hiyo ingekuwa −J/4 kwa spini za nusu, ambapo J ni kipimo cha nguvu ya mwingiliano. Fizikia ya kwanta inaipa jozi hiyo hali nyingine: "juu–chini" na "chini–juu" kwa pamoja, zimechanganywa kwa namna ambayo jozi nzima haina sumaku hata chembe. Nishati ya hali hiyo, tunayoiita singuleti, ni −3J/4. Yaani kwanta imeshusha nishati mara tatu zaidi ya mishale. Rudia hesabu hiyohiyo kwa spini za 5/2 na faida inakuwa mara 1.4 tu. Chuma kinakaribia kutenda kama mishale ya kitabuni. Shaba haikaribii hata kidogo, na ndiyo maana anayetaka kuiona kwanta ikifanya kazi ndani ya kitu kigumu huishia kwenye shaba.

Sababu ya pili ni umbo. Mwaka 1937 Hermann Jahn na Edward Teller walionyesha kwamba molekuli ikiwa na ulinganifu unaoziacha elektroni na chaguo mbili zenye nishati sawa, haitulii. Hujipinda hadi chaguo hizo zitofautiane. Cu²⁺ iliyozungukwa na majirani sita iko hasa katika hali hiyo, kwa hiyo majirani wanne husogea karibu na wawili husukumwa mbali. Mrututu ni mfano mzuri: molekuli nne za maji zimeizunguka shaba kwenye bapa moja, kwa umbali usiofika nanomita 0.2, na oksijeni mbili za salfeti ziko juu na chini kwa umbali wa kama nanomita 0.24. Molekuli ya tano ya maji haiigusi shaba kabisa. Imeshikwa kwa bondi za haidrojeni. Wanafunzi wako wanaopasha mrututu hadi ugeuke mweupe wanayaondoa maji hayo, na pamoja nayo mpangilio wote wa kisumaku.

Sasa, ile elektroni isiyo na mwenzake haikai ovyo. Inakaa kwenye obitali bapa inayowaelekea majirani wanne wa karibu. Spini hupashana habari kupitia obitali hizo na kupitia atomu iliyo katikati, iwe oksijeni, florini au klorini. Obitali ikielekea upande fulani, mawasiliano ya upande huo ni makali. Usikoelekea, hakuna habari inayopita. Elektroni tano za Fe³⁺ zimejaza obitali zote tano, moja moja, kwa hiyo chuma kinazungumza na pande zote kwa karibu usawa. Shaba inachagua.

Kwamba umbo la fuwele si dimensheni ya sumaku, hakuna ushahidi ninaoupenda kuliko KCuF₃, fuwele ya potasiamu, shaba na florini. Ukiitazama kwa eksirei, ioni zake za shaba zimepangwa karibu kama pembe za mchemraba: umbali wa kwenda mbele, kando na juu haupishani sana. Mtu yeyote angesema hii ni sumaku ya dimensheni tatu. Lakini obitali zenye hizo elektroni pekee zimejipanga kwa kupishana kutoka ioni moja hadi nyingine, na matokeo yake ni mwingiliano mkali sana kwenye mhimili mmoja, wa kiwango cha kelvini 390 hivi (nguvu hii tunaipima kwa halijoto ambayo msukosuko wake wa joto unalingana nayo), na dhaifu sana kwenye mihimili miwili iliyobaki. Mchemraba kwa macho, mnyororo kwa sumaku. Vipimo vya nyutroni vimethibitisha hivyo tangu zamani, na KCuF₃ ni mojawapo ya minyororo iliyochunguzwa kuliko yote.

Hapo sijagusa baridi bado, na baridi ndiyo inayoamua kama utauona mnyororo huo au hutauona.

Ndani ya minyororo ya mrututu, J ni sawa na kelvini 2.9 hivi. Maana yake ni kwamba kwenye halijoto ya chumba, karibu kelvini 300, msukosuko wa joto unaizidi nguvu hiyo mara mia moja. Kila ioni inayumba kivyake bila kujali jirani yake anaelekea wapi. Ukitaka kuweka namba, hiyo ni sumaku ya dimensheni sifuri: nukta zisizohusiana, zinazofuata kwa utiifu sheria ya Curie, kwamba mwitikio wa sumaku hupungua kadiri halijoto inavyopanda. Shusha halijoto hadi ikaribie J, na majirani kwenye mnyororo wanaanza kusikilizana. Shusha zaidi, na sehemu ya mnyororo inayotenda kwa pamoja inarefuka, kwa kadiri ya J gawanya kwa halijoto. Hapa ndipo dimensheni moja inapoishi.

Ila haiishi milele. Minyororo ya jirani nayo ina mwingiliano, hata uwe mdogo namna gani; tuuite J′. Ioni moja peke yake ingeupuuza. Lakini pale ioni mia za mnyororo mmoja zinapotenda kama kitu kimoja, ule udhaifu unajumlishwa mara mia, na halijoto fulani inafika ambapo minyororo inaanza kufungamana. Ghafla sumaku nzima inaganda katika mpangilio wa dimensheni tatu. Halijoto hiyo inaitwa ya Néel, kwa jina la Mfaransa Louis Néel aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Kwa hiyo, Mwalimu, dimensheni moja ni dirisha la halijoto. Juu ya dirisha kuna nukta, chini yake kuna sumaku ya kawaida ya dimensheni tatu, na kati yao kuna mnyororo. Nikiambiwa dutu fulani ni ya dimensheni moja, swali langu la kwanza ni hili: kuanzia halijoto gani hadi halijoto gani?

Upana wa dirisha hutofautiana sana. Kwenye KCuF₃, J ni kelvini 390 na mpangilio wa dimensheni tatu unaingia kwenye kelvini 39, mara kumi tu chini yake. Kwenye naitreti ya shaba iliyoungwa kwa pirazini, Cu(C₄H₄N₂)(NO₃)₂, molekuli bapa za pirazini zimeunganisha shaba moja hadi nyingine kwenye mstari, J ni kelvini 10.3 hivi, na mpangilio ulikuja kugunduliwa mwaka 2006 kwa kutumia miuoni (chembe ndogo zinazohisi sumaku zilizo karibu nazo), kwenye kelvini 0.107. Hapo dirisha ni la karibu mara mia. Oksidi ya Sr₂CuO₃ inazishinda zote hizo: J inapita kelvini 2,000 na mpangilio unaonekana kwenye kelvini 5 hivi. Mrututu wenyewe hubaki mnyororo hadi chini ya kelvini 0.1.

Ukiangalia namba hizo utaona kwamba "halijoto ya chini" haina maana moja. Kwa Sr₂CuO₃, chumba chako cha darasa tayari ni baridi kali, na minyororo yake iko kazini hapo hapo. Kwa mrututu, hata heliamu ya kimiminika kwenye kelvini 4.2 bado ni joto. Inabidi kutumia mashine inayochanganya heliamu-3 na heliamu-4, ambayo huteremka hadi sehemu chache za elfu moja za kelvini.

Mbona basi watafiti wanahangaika na mrututu wakati kuna oksidi zinazoonyesha jambo hilo bila baridi? Kwa sababu ya uga wa sumaku. Ili kuzilazimisha spini zote za mnyororo kuelekea upande mmoja, uga unahitaji kuishinda J. Kwa Sr₂CuO₃ ungehitaji zaidi ya tesla 3,000 (tesla ni kipimo cha uga wa sumaku), na hakuna sumaku ya maabara inayokaribia hapo. Kwa naitreti ya pirazini zinatosha tesla 15. Kwa mrututu, tesla 5 zinazidi mahitaji. J ndogo ni usumbufu kwa anayepooza, ila inampa mpimaji uwezo wa kumshika mnyororo na kumgeuza atakavyo, kutoka hali moja ya kwanta hadi nyingine.

Niingie sasa kwenye yale yanayotendeka ndani ya dirisha.

Mwaka 1925 Ernst Ising alichapisha hesabu ya mnyororo wa sumaku zenye chaguo mbili tu, juu au chini, akaona kwamba mnyororo huo haupangiki kamwe juu ya sifuri halisi. Sababu unaweza kuieleza darasani. Fikiria watu waliosimama kwenye foleni moja wakipokezana ujumbe kwa mdomo: mmoja akikosea, wote walio nyuma yake wanapata ujumbe mbovu, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuzunguka kosa. Kosa moja kwenye mnyororo linagharimu nishati ile ile popote litokeapo, ilhali nafasi za kutokea ni nyingi kama urefu wa mnyororo ulivyo. Entropia, yaani wingi wa njia za kuvurugika, inashinda daima. Kwenye tabaka au kwenye mchemraba, jirani wa pembeni analirekebisha kosa. Mwaka 1966 David Mermin na Herbert Wagner walithibitisha jambo zito zaidi: spini zinazoweza kuelekea upande wowote, kama zilivyo za shaba kwa ukaribu, haziwezi kupangika kikamilifu juu ya sifuri halisi si kwenye mnyororo tu bali hata kwenye tabaka.

Kwa spini za nusu za kwanta, hata kwenye sifuri halisi penyewe mnyororo haugandi. Hans Bethe alilitatua tatizo hilo kwa ukamilifu mwaka 1931, jambo la nadra mno katika fizikia ya vitu vingi. Hali ya chini kabisa ya mnyororo ni mchanganyiko mmoja mkubwa unaozihusisha spini zote, na nishati yake ni 1/4 toa logi asilia ya 2, mara J, kwa kila ioni. Karibu −0.443J. Mishale iliyopishana juu na chini ingetoa −0.25J tu. Hebu fikiria: mwaka huo hapakuwa na dutu hata moja iliyojulikana kuwa mnyororo wa namna hiyo. Hesabu ilitangulia, fuwele zikaja kuifuata baada ya miaka mingi.

Sasa chora mnyororo kwa mishale, uone kitu kigeni zaidi:

↑↓↑↓↑↓↑↓

Geuza mshale mmoja, wa nne:

↑↓↑↑↑↓↑↓

Umezalisha sehemu mbili ambapo majirani wanaelekea upande mmoja: kati ya wa tatu na wa nne, na kati ya wa nne na wa tano. Sasa wabadilishane nafasi wa tano na wa sita:

↑↓↑↑↓↑↑↓

Kasoro moja imebaki pale pale, ya pili imehamia mbele hatua mbili, na mahali zilipoachana pamerudi kuwa sawa. Hazivutani, zinaweza kuachana hadi ncha mbili za fuwele. Umegeuza spini moja nzima, na badiliko hilo limegawanyika vipande viwili vinavyosafiri kivyake, kila kimoja kikibeba spini ya nusu. Vipande hivyo ndivyo spinoni. Kwenye sumaku ya dimensheni tatu hali hiyo haiwezekani, kwa sababu ukizitenganisha kasoro mbili unaacha nyuma yake msururu wa majirani wa pembeni walioudhika, na gharama inaongezeka kwa kila hatua. Huko badiliko hubaki zima, na linaitwa magnoni.

Tofauti hiyo inapimika. Nyutroni ikipita kwenye fuwele na kugeuza spini, inaacha kiasi cha nishati na kiasi cha mwendo. Ikizalisha magnoni moja, kila mwendo una nishati yake moja, na grafu inaonyesha mstari mwembamba. Ikizalisha spinoni mbili, zinagawana mwendo huo kwa namna zisizohesabika, kwa hiyo grafu inaonyesha eneo pana lililojaa, lenye mpaka wa chini na mpaka wa juu vinavyokokotoleka.

Hapa ndipo mrututu ulipopata sifa yake kubwa. Mwaka 2013 Martin Mourigal na wenzake walichapisha vipimo walivyofanya kwenye taasisi ya nyutroni ya Laue-Langevin huko Grenoble, Ufaransa, kwa kutumia fuwele za mrututu zilizooteshwa kwenye maji mazito. Haidrojeni ya kawaida hutawanya nyutroni ovyo na kufunika ishara. Deuteriamu haifanyi hivyo. Wakaipooza fuwele hadi kelvini 0.1. Kwanza wakaweka uga wa tesla 5, spini zote zikaelekea upande mmoja, na nyutroni zikaonyesha mstari mwembamba wa magnoni, ambao uliwapa J bila ubishi. Kisha wakaondoa uga. Mstari ukatoweka, likatokea lile eneo pana.

Nadharia ilikuwa imetabiri kwamba spinoni mbili mbili zingeeleza asilimia 71 ya ishara yote, na kilichobaki kingetokana na nne au zaidi. Kwa kuwa walipima kwa kiwango halisi, na si kwa kulinganisha maumbo ya grafu tu, waliweza kuhesabu jumla: asilimia 99, kwa mashaka ya 8. Ishara yote ilipatikana, pamoja na ile isiyoelezeka kwa spinoni mbili pekee. Kwangu hili ni moja ya majaribio safi kuliko yote kwenye fani yetu: hesabu ya mwaka 1931 imekutana na unga wa buluu ambao wakulima wa kahawa huchanganya na chokaa na kunyunyizia mikahawa dhidi ya kuvu, na vikalingana.

Lazima niongeze jambo moja ambalo maelezo mengi huliruka. Mrututu una ioni za shaba zilizokaa kwenye nafasi za aina mbili tofauti. Aina moja tu ndiyo inayounda minyororo. Nyingine hubaki karibu huru, kama nukta. Ndiyo maana kipimo rahisi cha mwitikio wa sumaku kwenye mrututu hakionyeshi kilima safi ambacho Jill Bonner na Michael Fisher walikikokotoa mwaka 1964, chenye kilele kwenye halijoto ya 0.64J. Ioni huru zinakifunika. Kwa anayetaka kukiona kilima hicho, ile naitreti ya pirazini inafaa zaidi.

Na kwa kuwa unafundisha kemia: fuwele ambayo Walter Friedrich na Paul Knipping waliipitishia eksirei mjini Munich mwaka 1912, kwa wazo la Max von Laue, wakapata picha ya kwanza kabisa ya mtawanyiko wa eksirei kwenye fuwele, ilikuwa ya mrututu. Dutu hiyohiyo ilitufundisha kwanza atomu zimepangwaje, na karne moja baadaye ikatufundisha kwamba mpangilio wa atomu hautoshi.

Minyororo si umbo pekee. Shaba huunda pia jozi, ngazi na matabaka. Kwenye ngazi kuna jambo la kushangaza: SrCu₂O₃ ina ngazi za miguu miwili, na kuisumbua sumaku yake kunahitaji nishati ya kuanzia ya kelvini zaidi ya 400, ndugu yake Sr₂Cu₃O₅ ana miguu mitatu, na kwake haihitajiki nishati ya kuanzia hata kidogo. Ongeza mguu wa nne, inarudi. Jozi za shaba zimo kwenye BaCuSi₂O₆, rangi ya zambarau iliyotengenezwa na mafundi wa China ya kale zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ambayo leo huchunguzwa kwenye uga wa zaidi ya tesla 23. Hata malakaiti, lile jiwe la kijani la Katanga linalochongwa vito na sanamu, ndani yake spini za shaba hujifunga jozi jozi kadiri baridi inavyoongezeka.

Matabaka ndiyo yanayonipeleka kwenye swali la wanafunzi wako kuhusu faida. La₂CuO₄ ni sumaku ya matabaka: ndani ya tabaka J inafika kelvini 1,500 hivi, kati ya matabaka ni dhaifu mno. Dutu hiyo haipitishi umeme. Lakini mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wakifanya kazi Zürich, waliweka bariamu mahali pa sehemu ya lanthanamu, wakapata kipitishi kisicho na ukinzani kwenye halijoto iliyozidi rekodi zote za wakati huo. Nobel ilifuata mwaka uliofuata. Oksidi za ukoo huo zimefika juu ya kelvini 130, na hadi leo hakuna maelezo ya sababu yanayokubaliwa na wote. Wengi wetu tunaamini kwamba jibu limejificha kwenye spini za nusu za shaba zinazokataa kuganda. Tabaka hatuwezi kulitatua kwa ukamilifu kama Bethe alivyoutatua mnyororo, kwa hiyo mnyororo ndio uwanja ambapo nadharia na mbinu za kompyuta hupimwa kabla ya kuaminiwa kwenye tabaka. Waambie wanafunzi hivyo bila kuwaahidi simu mpya. Faida ni kujua kama tunachokokotoa ni kweli.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Mnyororo hutauona darasani, lakini jozi utaziona, na kwenye halijoto ya chumba. Asetati ya shaba, Cu(CH₃COO)₂·H₂O, ina ioni mbili za shaba zilizokaribiana kwa nanomita 0.26 hivi, zikiwa zimefungwa na asetati nne. Brebis Bleaney na Kevin Bowers wa Oxford walieleza mwaka 1952 kwamba ioni hizo mbili ni singuleti, ile niliyoitaja mwanzoni, na mwitikio wake wa sumaku una kilele kwenye kelvini 255 hivi. Kwa hiyo kwenye chumba chako tayari sehemu kubwa ya sumaku yake imejifuta.

Changanya myeyusho wa mrututu na wa sodiamu kabonati, chuja mashapo ya kijani, yaoshe vizuri, kisha yayeyushe kwenye asidi asetiki ya vuguvugu na uache fuwele ziote. Saga asetati na mrututu, jaza gramu sawa za kila moja kwenye vichupa viwili vya plastiki vinavyofanana. Weka sumaku kali ya neodimiamu juu ya kipande kirefu cha mbao kilicho kwenye mizani ya dijitali inayosoma gramu 0.01, mbao inaiweka sumaku mbali na vyuma vya mizani. Rudisha usomaji kwenye sifuri, shikilia kichupa karibu kabisa na uso wa sumaku bila kuigusa, kwa kibanio cha stendi isiyo na chuma. Mizani itashuka chini ya sifuri kadiri sumaku inavyovutwa juu. Anza na kichupa kitupu, kwani plastiki nayo husukumwa kidogo, na namba hiyo iondoe kwenye vipimo vyako.

Gramu moja ya asetati ina shaba nyingi kuliko gramu moja ya mrututu kwa robo nzima, kwa hiyo kama kila ioni ingekuwa peke yake, asetati ingevuta zaidi. Utakuta inavuta pungufu: theluthi mbili hadi robo tatu ya mvuto wa mrututu. Waachie wanafunzi wabishane sumaku iliyopungua imekwenda wapi kabla hujawachorea ile jozi. Na mabaki yasimwagwe kwenye mfereji unaoelekea bwawani, maana shaba iliyoyeyuka huua samaki.